Mgeni Mwenye Elimu na Wenyeji Wake

Tusikiapo ya kwamba nchi fulani imepata wataalamu kutoka ng'ambo, mara nyingi husoma idadi yao na kazi waliyoijia, kisha tukageuza ukurasa. Ni wachache wanaouliza mtu huyo alilala wapi usiku wa kwanza, nani alimsomea barua ya serikali iliyoletwa mlangoni, na mkewe alishinda wapi mchana kutwa. Sisi twaona kwamba maswali hayo, ambayo wakubwa huyadharau, ndiyo yaamuayo kama nchi itafaidika na elimu ya mgeni au itakuwa imemlipia nauli tu. Na ili tusiseme maneno matupu, twataka kuwakumbusha wasomaji wetu habari za Uturuki ya mwaka 1933, jamhuri iliyokuwa na umri wa miaka kumi tu na fedha si nyingi, ambayo kwa muda wa miezi michache ilipata walimu wa kujaza chuo kikuu kizima.

Tarehe 7 Aprili mwaka huo serikali ya Hitler ilitoa sheria ya kuwafukuza katika kazi za umma Wayahudi na wote walioshukiwa kwa siasa zao. Maprofesa walikuwa watumishi wa serikali, basi wakaangukiwa na sheria hiyo pamoja na makarani na mahakimu. Mmoja wao alikuwa Philipp Schwartz, mzaliwa wa Hungaria, mwalimu wa elimu ya maradhi katika Frankfurt. Alikimbilia Zürich, na huko akaanzisha chama cha kuwasaidia wenziwe waliofukuzwa. Kazi ya kwanza ya chama hicho ilikuwa ya karani: kukusanya majina, na kuandika kila mmoja anajua nini.

Wakati huohuo Mustafa Kemal Atatürk alikuwa hapendezwi na chuo kikuu cha zamani cha Istanbul, kilichoitwa Darülfünun. Serikali yake ilikuwa imemwita Albert Malche, mwalimu kutoka Geneva, akichunguze na kuandika taarifa. Malche akapata habari za chama cha Zürich, na tarehe 6 Julai 1933 Schwartz alikuwa Ankara, ameketi mbele ya Waziri wa Elimu, Reşit Galip. Mkutano ulichukua saa nyingi. Waziri alitaja elimu inayotakiwa, mgeni akatazama orodha yake, akatoa jina. Wakaendelea hivyo, somo baada ya somo. Walipoachana, nafasi thelathini hivi zilikuwa zimekwisha kupata watu. Mmoja wa waliotakiwa, Alfred Kantorowicz, bingwa wa tiba ya meno kutoka Bonn, alikuwa kifungoni mikononi mwa Wanazi. Serikali ya Uturuki ilimdai, naye akatolewa, akaja Istanbul.

Mpaka hapo ni habari ya ukarimu. Lakini kwa sisi tunaojua mikataba ya kazi, sehemu yenye faida zaidi ni masharti. Wageni walipewa mishahara mizuri, tena wakaruhusiwa kuja na wasaidizi wao. Kwa upande wao waliahidi kwamba watafundisha kwa mkalimani mwanzoni tu. Baada ya miaka mitatu hivi walitakiwa wafundishe kwa Kituruki wenyewe, na waandike vitabu vya masomo vitakavyotolewa kwa lugha hiyo. Wazee wetu walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Waturuki walilitaja jembe lenyewe katika mkataba, nalo lilikuwa lugha ya nchi.

Jembe hilo lilikuwa zito. Uturuki ilikuwa imeacha herufi za Kiarabu mwaka 1928 na kuchukua za Kilatini, na katika miaka hiyohiyo maneno ya zamani yalikuwa yakiondolewa na mapya kutungwa. Mgeni aliyejifunza neno mwaka huu aliweza kuona mwaka ujao limepitwa na wakati. Katika madarasa, profesa alisema sentensi, akanyamaza, kijana wa Kituruki aliyesimama kando akaitafsiri, ndipo profesa akaendelea. Saa moja ya somo ikawa nusu saa ya elimu. Wapo walioshindwa na sharti hilo hata siku waliyoondoka. Lakini Ernst Hirsch, mwanasheria aliyefika akiwa na umri wa miaka 31, alijifunza lugha hata akafundisha kwayo, akachukua uraia mwaka 1943, na mkono wake umo katika sheria ya haki za watungaji ya mwaka 1951 na katika sheria ya biashara ya mwaka 1956. Fritz Neumark naye alifundisha elimu ya fedha za serikali kwa Kituruki, tena akashiriki katika kutengeneza upya kodi ya mapato. Na wale vijana wakalimani? Siku baada ya siku walisimama karibu na mabingwa, wakilazimika kuelewa kila neno kabla ya kulisema. Sijambo la ajabu kwamba baadhi yao baadaye walikuwa maprofesa wenyewe.

Hatutaki, hata hivyo, kuipaka habari hii rangi moja. Darülfünun ilipofungwa tarehe 31 Julai 1933, na Chuo Kikuu cha Istanbul kufunguliwa siku iliyofuata, zaidi ya nusu ya walimu wa zamani walikosa kazi. Waliobaki waliona mgeni akilipwa mshahara mkubwa mara kadhaa kuliko wao, kwa kazi waliyoamini wanaiweza. Kuwaita watu hao wenye wivu ni rahisi mno. Mfanyakazi anayemfundisha mgeni njia ya ofisini asubuhi, kisha jioni akafikiri juu ya mshahara wake, ana haki ya kuelezwa tofauti hiyo imetoka wapi na itakwisha lini.

Tena yako mambo ambayo mkataba uliyasahau. Sheria ya mwaka 1932 ilikuwa imehifadhi kazi nyingi kwa raia tu, hivyo mke wa profesa, hata akiwa na ufundi wake, aliweza kuukuta mlango umefungwa. Shule ya Kijerumani ilikuwako Istanbul, lakini wazazi wengi hawakutaka kuwapeleka watoto wao mahali ambapo Wanazi walikuwa na sauti. Kubwa kuliko yote ilikuwa karatasi. Ujerumani ilipowavua uraia wakimbizi, katika hati za ukaaji walizopewa Uturuki liliandikwa neno haymatloz, ambalo ni neno la Kijerumani lililoandikwa kwa matamshi ya Kituruki, maana yake ni asiye na kwao. Mtu mwenye neno hilo, na mkataba wenye mwisho, hawezi kupanga maisha ya mtoto wake. Hans Reichenbach, mwanafalsafa, aliondoka mwaka 1938 akaenda Marekani. Mwaka uliofuata waliondoka Richard von Mises, mwanahesabu, na Rudolf Nissen, mpasuaji mashuhuri. Hatusemi kila aliyeondoka aliondoka kwa sababu ya karatasi. Marekani ilikuwa na maabara na fedha. Twasema tu kwamba nchi haikuwa imewapa sababu ya kutosha ya kukataa.

Njia hiyo imepitwa tena siku zetu hizi, ila kwa kurudi nyuma. Tangu mwaka 2016 Wakfu wa Alexander von Humboldt, pamoja na Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, umekuwa ukiwapokea wataalamu walio hatarini katika nchi zao, na mpango huo umepewa jina la Philipp Schwartz. Mwaka huohuo maelfu ya walimu wa vyuo vya Uturuki walifukuzwa kwa amri za serikali, na baadhi yao wakapokelewa Ujerumani kwa jina la mtu yule aliyefanya safari ya Ankara. Katika mpango huo fedha hupewa chuo kinachopokea, nacho hutakiwa kueleza kitamsaidia mgeni namna gani. Vilevile katika Ulaya upo mtandao uitwao EURAXESS, wenye vituo katika nchi zaidi ya arobaini, ambavyo kazi yake ni kumwelekeza mtafiti mgeni juu ya viza, nyumba, bima na shule za watoto. Na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2016 inampa mke au mume wa mtafiti ruhusa ya kufanya kazi. Ni yale yale yaliyosahauliwa Istanbul.

Hapa kwetu Tanzania mtafiti kutoka nje huomba kibali kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na kibali cha kukaa kwa Uhamiaji, naye hutakiwa awe na mwenyeji wa kushirikiana naye. Huyo mwenyeji ndiye yule kijana mkalimani wa Istanbul. Katika vyuo vingi, tujuavyo, ni yeye anayetafuta nyumba, anayefuatilia mafaili na anayetafsiri vijijini, kwa wema wake na kwa nauli ya mfukoni mwake, na kitabu kikitoka huenda jina lake likawekwa mwishoni penye shukrani. Twapendekeza mambo mawili. Kila chuo kinachomwalika mtafiti kimtaje, kabla tikiti haijakatwa, karani ambaye kazi yake ya mshahara ni kumpokea mgeni na jamaa zake. Na katika mkataba wa mgeni iandikwe wazi mwenyeji atajifunza nini, atalipwa nini, na kazi itatolewa kwa lugha ipi ili waliohojiwa waweze kuisoma.