Kitamu cha Jumapili na Hesabu ya Chakula

Msomaji akitazama ramani ya Kivu ya Kaskazini ataona Vitshumbi kwenye pwani ya kusini ya Ziwa Edouard, ndani kabisa ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Ni kijiji cha wavuvi. Asubuhi mitumbwi hurudi kutoka ziwani, akina mama hungoja ufukoni na mabeseni yao, na korongo wakubwa hutembea katikati ya watu kama wenyeji wenye haki zao. Lakini shamba halionekani hata moja. Sheria ya hifadhi hairuhusu kulima, na hata mtu akithubutu kupanda, viboko na tembo ndio watakaovuna. Basi unga wa muhogo, maharagwe, ndizi, lengalenga na sombe, vyote huletwa kutoka nchi ya juu, pande za Kanyabayonga na Rutshuru, navyo hununuliwa kwa fedha ya samaki.

Mahali ambapo karibu kila tonge hununuliwa, mama wa nyumba hana budi kuwa mhasibu. Tena fedha ya samaki ina tabia yake: haiji mwisho wa mwezi kama mshahara, bali huja leo yote kwa pamoja, na kesho pengine nyavu zikarudi tupu. Siku ya fedha ndiyo siku ya maandazi, ya soda, na ya chupa. Je, vitamu hivyo vina nafasi katika chakula kilichopangwa vizuri? Wako wanaojibu kwamba havina kabisa. Sisi twaona wamekosea. Nyumba isiyo na kitamu hata siku ya Noeli au ya Komunyo ya kwanza ya mtoto, ni nyumba gani hiyo? Lakini nafasi ya kitamu yahitaji kupimwa, na kupima kwataka hesabu kidogo.

Nguvu iliyomo katika chakula hupimwa kwa kalori. Katika miaka ya 1890 mtaalamu wa Marekani, Wilbur Atwater, aliwaweka watu katika chumba maalumu, akapima chakula walichokula na joto lililotoka miilini mwao. Kazi yake ndiyo msingi wa hesabu tunayotumia hata leo: gramu moja ya sukari au ya wanga hutoa kalori 4, gramu ya protini, yaani chakula cha kujenga mwili, hutoa 4 vilevile, gramu ya mafuta 9, na gramu ya kileo 7. Mvuvi apigaye kasia usiku kucha aweza kuhitaji kalori 3,000 kwa siku. Mtoto wa miaka minane zamtosha kati ya 1,500 na 1,800.

Sasa tutazame vitamu vyenyewe. Chupa ndogo ya soda, ya sentilita 30, ina gramu zipatazo 32 za sukari, yaani vijiko vinane vidogo. Hakuna mama ambaye angetia vijiko vinane katika kikombe cha chai cha mtoto wake, lakini katika soda havionekani, na kisichoonekana hakitishi! Hizo ni kalori kama 130. Andazi la gramu 50, likiwa limeiva katika mafuta, lina kalori kama 170. Kijiko kikubwa cha mawese kina 120. Chupa kubwa ya bia, ya sentilita 72, ina 300 hivi.

Tuseme mtoto wa Vitshumbi amepewa fedha kidogo asubuhi, akanunua maandazi mawili na soda. Amekwisha kupata kalori 470, zaidi ya robo ya haja yake ya siku nzima, na protini aliyoipata ni ile kidogo tu iliyomo katika unga wa ngano. Saa sita akiitwa mezani, hana njaa. Atakula tonge mbili za bugali, samaki atamwachia nduguye, kisha atarudi kucheza. Mama atasema, "Mtoto wangu hapendi samaki." Si kweli, mama. Mtoto wako ameshiba tangu asubuhi.

Hapo ndipo penye hatari, kuliko katika unene ambao watu wa mijini huuogopa. Gramu 100 za unga wa muhogo hutoa kalori zipatazo 350, lakini protini yake haifiki hata gramu 2. Gramu 100 za nyama ya tilapia hutoa kalori 100 tu, na protini gramu 20. Hivyo mtoto aweza kujazwa kalori za bugali, sukari na mafuta, na mwili wake ukabaki bila cha kujengea. Watu wa Kivu waujua tangu zamani ugonjwa wa watoto waliovimba miguu na kubadilika nywele, ambao madaktari huuita kwashiorkor. Huko Lwiro, karibu na Bukavu, kwenye kituo cha taasisi ya IRSAC iliyoundwa mwaka 1947, wataalamu walitumia miaka mingi kuuchunguza.

Na hili lasikitisha zaidi katika kijiji cha wavuvi. Samaki wazuri hutiwa chumvi, hukaushwa, hupakiwa, huondoka. Mara nyingine nyumba iliyowavua hubaki na vichwa tu. Hatuwalaumu wazazi, kwa maana ada ya shule hailipwi kwa mikia ya tilapia. Lakini ikiwa sehemu ya fedha hiyo inarudi nyumbani kwa sura ya soda, basi wameuza gramu 20 za protini wakanunua maji ya sukari, na biashara hiyo haina faida.

Kwa hiyo kanuni yetu ni nyepesi. Kitamu kikiingia, kitu kingine kitoke, nacho kitoke upande wa sukari, wa mafuta, au wa tonge za bugali. Kisitoke kamwe upande wa samaki, maharagwe na mboga za majani. Tena kitamu kije baada ya chakula, si kabla.

Wala si lazima kufunga hesabu kila jioni, kwa kuwa unene na wembamba haviji kwa siku moja. Mtu mzima apime kwa juma. Yule anywaye vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, akishuka hata kijiko kimoja kimoja, ameokoa vijiko sita, yaani kalori 96. Kwa siku sita ni 576. Jumapili aweza kula maandazi yake mawili na soda, kalori 470, na bado amebakiza. Mwanzoni chai itamwia chungu. Baada ya majuma machache ile ya zamani atakayoionja kwa jirani itamshinda kwa utamu. Wazee wetu katika imani walijua jambo hili bila kuwa na neno kalori: hata katika Kwaresima, Jumapili hazihesabiwi katika zile siku arobaini.

Kuhusu bia tutasema machache. Chupa tatu ni kalori 900, karibu theluthi moja ya haja ya mvuvi, bila protini ya maana. Na bei yake tumwachie mkewe aieleze.

Lakini hesabu hii ya kupunguza si ya kila mtu. Mama mwenye mimba, mama anyonyeshaye na mtoto akuaye wasipunguziwe chakula. Watoto tunawabadilishia tu kitamu: ndizi mbivu, karanga, kipande cha muwa. Mgonjwa wa kisukari, hasa anayetumia dawa, asijipangie peke yake wala asiruke mlo. Amwendee muuguzi, amwulize kitamu kipi aweza kula, kiasi gani na saa ngapi.

Tena kuna nyakati ambapo hesabu hugeuka juu chini. Mwaka 2024 vita vya M23 vilifika hadi Vitshumbi. Barabara ikifungwa, samaki hawapandi na unga haushuki. Mama aliyekimbia na watoto hahesabu kalori za kupunguza. Hutafuta za kuongeza. Kwake yeye kijiko cha mawese juu ya maharagwe si anasa hata kidogo, na andazi moja lililogawanywa kwa watoto watatu laweza kuwa kiamsha kinywa chote.

Mwenye mizani atumie mizani. Asiye nayo ana vipimo vya kutosha jikoni: kijiko kidogo kilichosawazishwa kwa kisu hubeba gramu 4 za sukari, na kipande cha samaki chenye ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, bila vidole, ni karibu gramu 100. Kipande hicho kitolewe kwanza, asubuhi ufukoni, kabla beseni halijaenda kwa mnunuzi.