Fedha, Sheria na Hotuba: Mitazamo Mitatu Ndani ya Sera ya Nje ya Ulaya

Sera ya nje ni jumla ya maamuzi yanayoongoza uhusiano wa dola na mataifa mengine, kuanzia mikataba ya biashara na misaada hadi vikwazo, mauzo ya silaha na matumizi ya majeshi, na kwa muda mrefu wachambuzi wa Ulaya waliieleza kana kwamba mhusika wake ni dola peke yake, ikiwa na mipaka ya kulinda na mahasimu wa kuchunga. Katika miongo ya karibuni mitazamo mingine miwili imejipenyeza kando ya huo wa usalama: wa kifeministi, unaochunguza jinsi maamuzi hayo yanavyowagusa wanawake na wanaume kwa namna zisizolingana, na wa tabianchi, unaoihesabu hali ya hewa inayobadilika kuwa sehemu ya siasa za kimataifa. Nyaraka zinazotoka Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya wenye nchi wanachama 27, huizungumzia mitazamo hii kana kwamba inasaidiana daima, lakini mwenendo wa miaka kumi iliyopita unaonyesha kuwa haikupewa zana zenye uzito sawa, kwa maana usalama umepewa fedha, tabianchi imepewa sheria, na usawa wa kijinsia, kwa sehemu kubwa, umepewa hotuba.

Mtazamo wa kifeministi ulizaliwa vyuoni kabla ya kufika wizarani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanazuoni wa Marekani Cynthia Enloe alichunguza maisha ya wake wa mabalozi, ya vibarua wa mashamba ya ndizi na ya wanawake wanaoishi kandokando ya kambi za kijeshi, akaonyesha kuwa diplomasia na vita hutegemea kazi ya watu wasiotajwa katika taarifa yoyote ya serikali. Hakudai kwamba wanawake ni wapole kwa maumbile na kwa hiyo wakitawala wao vita vitakoma, ingawa wapinzani wa ufeministi hupenda kuwabandika wafuasi wake dai hilo. Alichosema ni kwamba anayepanga usalama bila kuuliza nani analindwa, na kwa gharama ya nani, hajaliona vizuri jambo analolipanga. Tarehe 31 Oktoba 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 1325, linalozitaka nchi ziwashirikishe wanawake katika mazungumzo ya amani na kuwalinda dhidi ya ukatili wa kingono vitani. Inafaa kukumbusha, kwa kuwa Ulaya wakati mwingine husahau, kwamba Namibia ndiyo iliyokuwa ikishika urais wa Baraza azimio hilo lilipopita, na kwamba Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing wa mwaka 1995, uliotayarisha njia yake, alikuwa Mtanzania Gertrude Mongella.

Uswidi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kulifanya wazo hili kuwa sera rasmi. Mwaka 2014 waziri wake wa mambo ya nje, Margot Wallström, alitangaza sera ya nje ya kifeministi yenye nguzo za haki, uwakilishi na rasilimali, yaani wanawake wapate haki zilezile wanazopata wanaume, washiriki katika vikao vya uamuzi, na fungu lao lionekane kwenye bajeti. Jaribio lilikuja upesi. Mapema mwaka 2015 Wallström alikosoa adhabu ya viboko aliyohukumiwa mwanablogu Raif Badawi nchini Saudia, pamoja na hali ya wanawake nchini humo. Saudia ikaizuia hotuba aliyokuwa aitoe mbele ya Jumuiya ya Nchi za Kiarabu mjini Cairo, Uswidi ikakataa kuuhuisha mkataba wa ushirikiano wa kijeshi uliokuwapo tangu mwaka 2005, na Saudia ikamwita nyumbani balozi wake na kuacha kuwapa viza wafanyabiashara wa Uswidi. Yote hayo yalitokea baada ya wakuu zaidi ya 30 wa makampuni ya Uswidi kuandika barua ya wazi wakitaka mkataba ubakizwe. Kisa hiki kinastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu ni mara chache sera ya kifeministi imeigharimu serikali kitu kinachohesabika zaidi ya wino. Hata hivyo, wakosoaji walikuwa na hoja, kwani mwaka uleule kampuni ya Saab ya Uswidi ilipata oda ya ndege za upelelezi kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu, na msimamo uliotumika dhidi ya Riyadh haukufika Abu Dhabi.

Nchi nyingine zilifuata, zikiwamo Ufaransa, Luxembourg na Uhispania, na mwezi Machi 2023 waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, Annalena Baerbock, alitoa mwongozo ulioongeza juu ya nguzo za Uswidi suala la uanuwai, yaani kuzingatia kwamba wanawake hawafanani kwa rangi, tabaka, umri wala hali ya ulemavu. Umoja wa Ulaya wenyewe haukulichukua jina la ufeministi, lakini mpango wake wa tatu wa usawa wa kijinsia, uliotolewa Novemba 2020, ulielekeza kwamba ifikapo mwaka 2025 asilimia 85 ya miradi mipya ya nje ya Umoja iwe inachangia usawa huo. Kisha wimbi likageuka. Oktoba 2022 serikali mpya ya mrengo wa kulia ya Uswidi iliifuta sera hiyo, waziri Tobias Billström akieleza kuwa majina ya namna hiyo huishia kuyafunika yaliyomo, na serikali iliyoingia Ujerumani mwaka 2025 nayo ikaliacha jina hilo. Ufaransa ilikwenda kinyume na mkondo huo, ikachapisha mkakati wake wa diplomasia ya kifeministi mwezi Machi 2025. Ni rahisi kufuta kilichotangazwa kwa tamko la waziri, kwa sababu hakuna mahakama itakayoulizwa wala bunge litakalopiga kura.

Mazingira ya mgeuko huo yanajulikana. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari 2022, usalama kwa maana yake ya kale, yaani vifaru, mizinga na mipaka, umerudi kileleni mwa kila ajenda barani Ulaya. Siku tatu baada ya uvamizi Kansela Olaf Scholz wa Ujerumani alitangaza mfuko maalumu wa jeshi wa euro bilioni 100; na mwezi Juni 2025, mjini The Hague, nchi za NATO zilikubaliana kuwa ifikapo mwaka 2035 zitumie asilimia 5 ya pato la taifa kwa ulinzi na mambo yanayohusiana nao. Fedha hizo zina mahali zinapotoka. Uingereza, ambayo haimo tena katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika mjadala uleule, ilitangaza Februari 2025 kwamba itapunguza misaada ya nje kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato la taifa ili kugharimia ulinzi, na waziri wa maendeleo ya kimataifa, Anneliese Dodds, ambaye pia alikuwa na dhamana ya wanawake na usawa, akajiuzulu.

Mtazamo wa tabianchi umekuwa na bahati nzuri zaidi, kwa sababu uliingia katika vitabu vya sheria. Kutokana na Mpango wa Kijani wa Ulaya wa Desemba 2019 kulizaliwa ushuru wa kaboni mpakani, unaomtaka mwagizaji wa saruji, chuma, alumini, mbolea, umeme au hidrojeni alipie hewa ya ukaa iliyotoka bidhaa hizo zilipotengenezwa nje ya Ulaya. Kipindi chake cha mpito kilianza Oktoba 2023, utaratibu wake kamili ukapangwa kuanza Januari 2026, na Msumbiji, ambayo alumini yake imekuwa ikiuzwa sana Ulaya, ilihesabiwa miongoni mwa nchi za Afrika zitakazoguswa zaidi. Sheria nyingine ya mwaka 2023 inakataza kuingiza Ulaya kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, mbao na mazao ya ng'ombe yaliyotoka katika ardhi iliyokatwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na humtaka mwagizaji aonyeshe mahali hasa lilipo kila shamba. Utekelezaji wake umeahirishwa mara mbili, lakini maandalizi yalikwishafika Kagera, Kilimanjaro na milima ya Uganda, ambako kahawa hulimwa na wakulima wadogo kupitia vyama vya ushirika na mashamba yao yanapimwa kwa setilaiti. Hapa swali la Enloe linarudi kwa sura ya kawaida kabisa, kwani mara nyingi anayepalilia na kuchuma ni mke, ilhali jina linaloandikwa katika daftari la chama ni la mume. Sheria inayolenga kulinda msitu inaweza, bila mtunzi wake kukusudia, kuuimarisha umiliki ambao mpango wa usawa wa Umoja uleule unataka kuurekebisha.

Tabianchi nayo hubadilika sura inapovikwa nguo za usalama. Wanazuoni Ole Wæver na Barry Buzan, waasisi wa mkondo unaoitwa Shule ya Copenhagen, walieleza kuwa tishio halijitokezi lenyewe, kwa maana viongozi hulitangaza jambo kuwa ni la kufa na kupona, na likishatangazwa hivyo huondolewa katika mjadala wa kawaida na kushughulikiwa kwa hatua za dharura. Ukame unaotazamwa kwa jicho hilo hugeuka kuwa hofu ya wahamiaji watakaofurika Bahari ya Mediterania, ingawa ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2021, iliyokadiria kuwa hadi watu milioni 216 wanaweza kuhama ifikapo mwaka 2050 kwa sababu za tabianchi, ilizungumzia watu watakaohama ndani ya nchi zao wenyewe. Hofu hiyo hujenga uzio na kununua boti za doria, huku mama anayeuza mbuzi wake wa mwisho na kuhamia mji wa karibu akibaki nje ya hesabu.

Nishati nayo imeonyesha mgongano kati ya usalama na tabianchi. Mei 2022 Scholz alikuwa Dakar akizungumzia gesi ya Senegal ili kuziba pengo la gesi ya Urusi. Septemba mwaka huohuo Bunge la Ulaya liliitaka kampuni ya Ufaransa ya TotalEnergies iahirishe kwa mwaka mmoja mradi wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga. Ni kweli kwamba Bunge la Ulaya si serikali ya Ujerumani, na kwamba hoja za mazingira na za fidia ya ardhi zilikuwa na uzito wake, lakini wasikilizaji wa Kampala na Dodoma hawakuwa na sababu ya kuzitenganisha sauti hizo mbili.

Mahali mitazamo yote mitatu ilipogongana waziwazi ni mashariki mwa Kongo. Tangu Januari 2021 sheria ya Umoja wa Ulaya huwataka waagizaji wa bati, tantalamu, tangisteni na dhahabu wahakikishe kuwa madini yao hayagharimii vita, lakini Ulaya pia inayahitaji madini mengi kwa betri, vifaa vya kielektroniki na silaha, na mwezi Februari 2024 Kamisheni ya Ulaya ilitia saini na Rwanda hati ya makubaliano kuhusu madini muhimu. Serikali ya Kinshasa ilikasirika, kwa sababu kwa miaka mingi imekuwa ikidai kuwa sehemu ya madini yanayouzwa na Rwanda hutoka Kivu, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti baadaye kwamba waasi wa M23, wanaoungwa mkono na Rwanda, walipata angalau dola 800,000 kwa mwezi kwa kutoza koltani, yaani mawe yenye tantalamu, ya machimbo ya Rubaya huko Kivu. Usalama nao ulikuwa na hesabu yake, kwani Umoja wa Ulaya ulikuwa umetenga kwa awamu mbili jumla ya euro milioni 40 kusaidia jeshi la Rwanda linalopigana na waasi Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, karibu na mradi mkubwa wa gesi wa TotalEnergies.

Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Umoja wa Mataifa uliripoti kuwa zaidi ya wanawake 150 katika gereza la Munzenze walibakwa wakati wafungwa wakitoroka, na kwamba wengi wao waliteketea kwa moto. Katika hospitali ya Panzi mjini Bukavu, Daktari Denis Mukwege, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2018, amewatibu manusura wa ubakaji wa vita tangu mwaka 1999, na kwa miaka yote hiyo amesema kuwa ukatili huo hautenganishiki na biashara ya madini. Februari 2025 Bunge la Ulaya lilitaka hati ya makubaliano na Rwanda isimamishwe. Mawaziri wa mambo ya nje wa Umoja wa Ulaya walipokutana mwishoni mwa mwezi huo kujadili vikwazo kuhusu vita hivyo, Luxembourg ndiyo iliyovizuia kwa hoja ya kusubiri juhudi za nchi za Afrika, ambazo wakuu wake walikuwa wamekutana Dar es Salaam wiki chache kabla. Na Luxembourg hiyohiyo ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Ulaya kutangaza sera ya nje ya kifeministi. Vikwazo vilipita tarehe 17 Machi, vikiwagusa watu tisa pamoja na kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Gasabo mjini Kigali, na siku hiyohiyo Rwanda ikavunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji.

Mpango wa usawa wa kijinsia wa Umoja wa Ulaya umeongezewa muda hadi mwaka 2027, mwaka ambao bajeti ya sasa ya Umoja huo inafikia kikomo. Katika pendekezo la bajeti ya miaka saba itakayofuata, lililotolewa Julai 2025, Kamisheni ya Ulaya imetaka euro bilioni 131 kwa ajili ya ulinzi na anga za juu, kiasi ambacho yenyewe inasema ni mara tano ya kile cha sasa, na serikali zote 27 lazima zikubaliane kabla bajeti hiyo haijapita.