"Anko, Mbona Mdomo Wake Haufunguki?"

Jamani, kuna sisi wanaume tulioingia kwenye ndoa tukakuta mtoto tayari yupo, na hakuna kitchen party wala kikao kilichotuandaa. Nilipomuoa shemeji yenu, mwanawe alikuwa na miaka sita. Miezi mitatu ya kwanza dogo alinipa salamu tu: "Shikamoo anko", kisha macho kwenye TV. Nikajaribu mpira, nikajaribu aiskrimu, hadi stori za Simba na Yanga. Wapi!

Kilichokuja kutufungua ni katuni. Alikuwa anapenda DVD za zamani za Thomas, ile treni ya bluu ya Uingereza, na siku moja akauliza bila hata kunigeukia: "Anko, mbona anaongea halafu mdomo wake haufunguki?"

Usiku ule nikaingia mtandaoni kutafuta jibu, na kiukweli nikanogewa mimi kuliko yeye. Hadithi zenyewe zilianza na mchungaji mmoja, Wilbert Awdry, aliyekuwa akimsimulia mwanawe Christopher alipougua surua wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kitabu cha kwanza kilitoka 1945. (Kumbe na yeye alianza kwa kumtafutia mtoto cha kuongea!) Kwenye runinga ilifika 1984, ikianza na vipindi 26, na wala haikuwa michoro. Zilikuwa treni ndogo za kweli, zenye mota za umeme, zikipita juu ya reli yenye upana wa milimita 45, katikati ya milima na stesheni za bandia zilizojengwa studio. Moshi ulitoka kwenye kifaa kilichofichwa ndani ya treni. Macho yalizungushwa kwa remoti.

Na mdomo? Haukutengenezwa ufunguke. Kila treni ilikuwa na nyuso kadhaa: wa kucheka, wa kununa, wa kushtuka. Kamera inasimama, fundi anabandua uso huu anabandika ule, kazi inaendelea. Maneno yote yalisemwa na msimulizi mmoja, na wa kwanza kabisa alikuwa Ringo Starr, yule mpiga ngoma wa The Beatles.

Asubuhi nikamweleza dogo kwa mbwembwe zote. Akanisikiliza hadi mwisho, akazima TV, akaanza kulia. "Kwa hiyo Thomas ni mdoli?"

Shemeji yenu alinijia juu, acha kabisa. "Mtoto ana kitu kimoja anachokipenda, umeona ukivunje?" Tulilala tumepeana migongo. Nilitaka kujitetea kwamba sikusema uongo, lakini mwenyewe nilijua nilikuwa najionyesha tu.

Nikajaribu kurekebisha kwa kumtafutia Thomas wa kisasa. Mwaka 2008 nyuso zilianza kutengenezwa kwa kompyuta huku treni zenyewe zikibaki zilezile za kushikika, na 2009 kila kitu kikawa kompyuta. Midomo ikafunguka. Mwaka 2018 akaja hadi Nia, treni ya rangi ya chungwa kutoka Kenya, na hilo jina lilimchekesha dogo kidogo. Toleo la 2021, lile la michoro bapa, treni zinaruka na kujipinda kama mpira. Mimi hilo sikulielewa: treni ni chuma bwana, raha yake ni uzito. Naye dogo aliangalia dakika chache, akasema, "Hizi hazina kazi ya mtu." Nikabaki nimeduwaa.

Siku ya nne akaniletea boksi la viatu na selotepu. Hakusema kitu. Tukakaa kwenye mkeka tukakata magurudumu, tukachora nyuso tatu kwenye vipande vya kadi. Treni ikawekwa juu ya kabati la TV, na tangu hapo yeye ndiye anayebadilisha uso. Nikichelewa kurudi nakuta umenuna. Mama yake akipika pilau, unacheka. Hatujawahi kuuzungumzia utaratibu huo, ila nyumba nzima tunausoma tukipita.

Baba yake mzazi huwa anapiga simu Jumapili jioni. Mwezi uliopita, Jumapili moja, simu haikuita. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita, mama yake akajifanya bize na vyombo jikoni. Nikatazama kabatini: uso wa kununa. Nikakaa chini mkekani karibu naye, sikuuliza chochote.

Baada ya muda akaubandua, akauangalia, akanisogezea kalamu.

"Anko, tuchore mwingine. Huu haujanuna vya kutosha."