Laki Mbili na Nusu, au Elfu Thelathini Mara Tisa

Ukisimama kwenye kaunta ya vifaa vya muziki Kariakoo, kabla hujauliza bei muuzaji ameshakugeuzia ubavu wa boksi la hedifoni. "Hizi zinafika mpaka elfu arobaini, kaka." Anasema herzi. Sikio zima la kijana linaishia kwenye herzi 20,000, na la jamaa aliyekesha miaka kumi mbele ya spika linaishia chini ya hapo. Huku chini, kamba nene ya gitaa la besi hutoa herzi 41. Hedifoni yoyote iliyoandikwa 15 hadi 20,000 imeshafunika kila utakachochanganya. Boksi halisemi kama hiyo besi imetiwa chumvi, na hedifoni zilizofungwa nyuma zina tabia hiyo.

Mimi huangalia maandishi madogo: omu na unyeti, tena kwa pamoja. Chukua Beyerdynamic DT 770 Pro, ambazo zimetolewa kwa omu 32, 80 na 250. Umbo ni moja na unyeti ni uleule, desibeli 96 kwa miliwati moja. Zichomeke kwenye kompyuta inayotoa volti 1. Za omu 32 zitapata miliwati 31, za omu 250 zitapata 4 tu. Hiyo ni tofauti ya desibeli 9, na sikioni ni kama sauti imekatwa nusu. Prodyuza wa chumbani aliyeambiwa kwamba za 250 "ndizo za studio" atapandisha sauti mpaka mwisho na bado atanung'unika. Sony MDR-7506, zilizoko sokoni tangu 1991, zina omu 63, lakini unyeti wake ni desibeli 106. Hata simu inazimudu.

Dijei ana hesabu nyingine. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inakubali saa 8 kwenye desibeli 85, kisha muda unakatwa nusu kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka. Kwenye kelele ya desibeli 100 una dakika 15. Hedifoni zinazozuia desibeli 18, kama zile DT 770, zinaishusha hadi 82, yaani saa 16. Lakini muziki wako nao unaongezeka juu ya hapo, na dijei huacha sikio moja wazi. Kwenye singeli ya mapigo 200 kwa dakika, pigo moja lina sekunde 0.3. Ukilikosa, uwanja mzima umesikia, kwa hiyo mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha sauti. Hapo ndipo ninapozipenda Sennheiser HD 25 za mwaka 1988. Zina gramu 140 bila waya, kikombe kimoja kinageuka nyuma, na karibu kila kipande chake kinauzwa peke yake. Hedifoni za ATH-M50x zina gramu 285. Saa nne baadaye shingo itakueleza tofauti.

Sasa pesa. Tuseme hedifoni za elfu thelathini zinadumu miezi minne. Zangu za mwisho zilikatika waya pale unapoingia kwenye kikombe, na mito yake ilikuwa imeshaanza kubanduka, ikiniachia vipande vyeusi shingoni kama masizi. Miaka mitatu ni jozi tisa, shilingi 270,000. ATH-M40x huuzwa kiasi cha dola 100. Kwa shilingi 2,500 kwa dola ni 250,000, na VAT ya asilimia 18 inazisogeza hadi 295,000, bila kuhesabu usafiri wala ushuru. Kwa fedha tupu, basi, za bei poa zinaongoza mpaka mwaka wa nne. Anayekwambia vingine hajapiga hesabu.

Ila jozi tisa ni besi tisa. Prodyuza anajifunza hedifoni zake kama fundi cherehani anavyoijua futi yake: anajua kiki ikigonga hivi masikioni, kwenye spika za daladala itavuma vile. Ukimbadilishia futi kila miezi minne, suruali zote zitapwaya. Ndiyo maana waya unaochomoka una thamani zaidi kuliko spika ya ndani ya milimita 45. M40x na M50x zinao, ingawa pini yake ni ya milimita 2.5 yenye kufuli, kwa hiyo usitegemee waya wa mchuuzi. M20x, ndugu yao wa bei nafuu, waya wake hauchomoki. Hesabu fundi wa kuchomelea mapema.

Kabla ya kulipa, zivae na miwani yako au rasta zako kama kawaida, piga wimbo unaoujua, kisha zikandamize kwa viganja viwili. Besi ikiruka ghafla, hazijakushika vizuri. Mwombe muuzaji jozi nyingine.