Printa Kuukuu na Seva ya Kituo cha Afya: Kuchagua Njia ya Kuziunganisha

Kituo cha afya kinapohama kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye mfumo wa kompyuta, fedha nyingi huishia kwenye seva, kompyuta za mezani na nyaya. Printa mara nyingi hubaki ile ile ya zamani: ya leza, nzito, yenye ganda lililofifia, lakini bado hutoa maelfu ya kurasa kwa katriji moja ya wino wa unga. Kuibakiza ni uamuzi wa busara. Hata hivyo, swali la jinsi ya kuiunganisha huachiwa fundi peke yake, kana kwamba ni suala la nyaya tu. Kwa kuwa karatasi inayotoka humo hubeba jina la mgonjwa, kipimo chake na kiasi cha dawa yake, suala hilo ni la tiba pia.

Kata ya Kihanga, wilayani Karagwe, inaonyesha kwa nini karatasi bado ina kazi. Mgonjwa wa huku anayehitaji huduma kubwa zaidi huenda Hospitali ya Nyakahanga. Akizidiwa hupelekwa Bukoba, na wapo wanaolazimika kufika Bugando, Mwanza. Pale ambapo mfumo wa kituo kimoja hausomani na wa kingine, barua ya rufaa na majibu ya maabara aliyoyashika mkononi ndiyo historia yake yote. Karatasi hiyo ikichelewa, ikikosewa au ikisomwa na asiyehusika, anayeumia ni yeye.

Ijulikane kwanza nani anachapa

Mifumo mingi ya hospitali siku hizi hufunguliwa kwa kivinjari cha intaneti. Katika mifumo ya namna hiyo seva huhifadhi na kutoa taarifa, lakini amri ya kuchapa hutolewa na kompyuta iliyo mbele ya mhudumu. Kwa hiyo printa inaweza kufungwa kwenye seva kwa ustadi wote, na bado mteknolojia wa maabara asione hata jina lake anapotaka kuchapa.

Kabla ya kununua waya, wahudumu na fundi wakae pamoja wajibu maswali matatu. Ni vyumba vipi vinavyochapa? Ni nani anayeisubiri karatasi? Ni nani asiyepaswa kuiona? Majibu hayo huamua njia kuliko aina ya printa.

Njia zilizopo

Printa ikigeuzwa nyuma huonyesha umri wake. Tundu pana lenye vibanio viwili vya waya pembeni ni la waya sambamba, uliotawala tangu zama za printa za leza za kwanza za mezani katika miaka ya 1980. Waya wa kale wa aina hiyo ni salama kwa takribani mita 3, na ulioboreshwa hufika mita 10. Seva za leo hazina tundu hilo. Vipo vigeuzi vya kuunganisha waya sambamba na USB, lakini si vyote vinavyoelewana na kila printa. Kinunuliwe baada ya kujaribiwa na printa yenyewe.

Tundu dogo la mraba ni la USB, teknolojia iliyotangazwa mwaka 1996. Waya wake usizidi mita 5, kwa hiyo printa italazimika kukaa karibu na mashine iliyofungwa nayo. Mashine hiyo ikiwa seva, chumba cha seva kitageuka njia ya watu wanaofuata karatasi. Chumba chenye kumbukumbu za wagonjwa wote kinatakiwa kufungwa kwa ufunguo.

Ipo sababu nyingine ya kutoigeuza seva kuwa mhudumu wa printa. Julai 2021 kampuni ya Microsoft ililazimika kutoa marekebisho ya dharura baada ya kugundulika udhaifu mkubwa katika huduma ya uchapaji ya Windows, uliompa mvamizi uwezo wa kuitawala kompyuta. Wataalamu wa usalama walishauri huduma hiyo izimwe kwenye seva zisizohitaji kuchapa. Seva inayotunza taarifa za wagonjwa ni vyema iwe miongoni mwa hizo.

Kwa printa yenye USB pekee, njia bora ni kuiunganisha na kompyuta ndogo ya kazi hiyo tu, hata ikiwa ya zamani, yenye mfumo wa Linux na programu ya CUPS, inayopatikana bila malipo tangu mwaka 1999. Kompyuta hiyo hupokea kazi kutoka vyumba vyote na kuzipanga foleni. Ikiharibika, uchapaji husimama lakini kumbukumbu hubaki salama.

Printa yenye tundu la waya wa mtandao ndiyo rahisi kuliko zote. Waya huo huweza kufika mita 100 kutoka kwenye swichi, hivyo printa huwekwa panapofaa. Ipewe anwani isiyobadilika, la sivyo umeme ukikatika na kurudi huenda ikapata anwani nyingine na kompyuta zikaitafuta bila kuipata. Iwekewe nenosiri jipya, na isifikike kutoka nje ya mtandao wa kituo. Mwishoni mwa Novemba 2018 mtu mmoja alidai kuwa amezichapisha ujumbe wake printa zipatazo 50,000 duniani. Zote zilikuwa zimeachwa wazi kwenye intaneti.

Kuhusu mtandao usio na waya, tahadhari inahitajika. Baadhi ya printa kuukuu hufahamu ulinzi wa WEP pekee, ambao udhaifu wake umejulikana tangu mwaka 2001. Kushusha ulinzi wa mtandao mzima wa kituo ili printa moja iunganike ni kosa. Printa hiyo ifungwe kwa waya.

Umeme

Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera ulitegemea umeme unaotoka Uganda, na wahudumu wa Karagwe na Kyerwa wanakufahamu vyema kukatika kwake. Seva ni lazima iwe na UPS. Printa ya leza isichomekwe humo. Ndani yake mna roli linalopashwa joto hadi karibu nyuzi 200 za Selsiasi ili kuyeyusha wino wa unga, na wakati wa kupasha inaweza kuvuta mamia ya wati, nyingine zaidi ya 1,000. UPS ndogo ya VA 650 hubeba chini ya wati 400. Zikichangia UPS hiyo, ukurasa mmoja waweza kuizima seva katikati ya kazi. Printa ichomekwe ukutani kupitia kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme.

Umeme ukirudi, jambo jingine hutokea. Kazi zilizokwama kwenye foleni hutoka zote kwa mkupuo, pamoja na zile ambazo mhudumu alikwisha kuzichapa upya au kuzisahihisha. Majibu ya asubuhi yanaweza kulala juu ya yale ya jioni. Kwa hiyo foleni ikaguliwe na kufutwa kabla printa haijawashwa, na kila karatasi ionyeshe tarehe na saa ya kuchapwa.

Karatasi isiyosema kweli

Hatari kubwa zaidi ni printa inayochapa vizuri lakini vibaya. Kila printa huhitaji draiva, yaani programu inayoitafsiria lugha ya kompyuta. Draiva ikiwa ya lugha nyingine kabisa, hutoka kurasa za alama zisizosomeka, na kila mtu huona kuwa pana tatizo. Lakini kosa likiwa dogo, halionekani.

Alama ya mikro, µ, ni mfano. Katika fonti iitwayo Symbol, alama hiyo huwekwa mahali pa herufi m. Fonti hiyo ikikosekana, kinachochapwa ni m. Mikrogramu 50 za dawa zinakuwa miligramu 50, yaani mara 1,000, na karatasi inaonekana safi.

Ukubwa wa karatasi nao una madhara. Printa nyingi huja zikiwa zimepangiwa karatasi ya Kimarekani ya Letter, yenye urefu wa milimita 279, ilhali A4 ina milimita 297. Tofauti hiyo ya milimita 18 yatosha kupoteza mstari wa mwisho, ambao huenda ndio wenye saini au onyo.

Kwa hiyo kabla ya printa kuanza kazi, mtaalamu wa maabara na mfamasia waandae ukurasa wa majaribio wenye alama zote wanazozitumia: µ, ±, ≥, ≤, desimali, na maneno kwenye ncha zote nne za ukurasa. Uchapwe kutoka kila kompyuta na ulinganishwe na kioo. Jaribio lirudiwe kila draiva inapobadilishwa. Kazi hii haichukui hata saa moja.

Mahali pa kuiweka

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Printa moja iliyowekwa mapokezi ili itumiwe na wote huokoa fedha, lakini jibu la kiwango cha virusi vya UKIMWI likilala hapo hata dakika mbili mbele ya foleni ya watu wanaofahamiana, siri imetoka na hairudi. Kwenye kata ambako mgonjwa na anayesimama nyuma yake huuziana ndizi soko moja, jambo hilo laweza kumfanya mtu aache kliniki. Ikiwa printa ni moja tu, ikae maabara au chumba kingine kinachofungwa, na karatasi ikabidhiwe mkononi.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Anapopewa karatasi, asome au aombe kusomewa jina lake, umri, tarehe na namba ya ukurasa. Ikiwa imeandikwa ukurasa wa 1 kati ya 2, aulize wa pili uko wapi. Hilo si kumtilia shaka mhudumu.

Printa itakapoharibika, kama zinavyoharibika zote, fomu za kuandikwa kwa mkono ziwe tayari kwenye droo ya kila chumba, na kila mhudumu ajue zilipo, ili mgonjwa wa Kihanga anayepewa rufaa usiku asicheleweshwe na waya.