Nani Alaumiwe kwa Mabinti Watupu?

Katika Biryogo, mtaa wa Waswahili mjini Kigali, wenye umma wa Kiislamu uliotia mizizi tangu zama za msikiti wa kwanza wa Rwanda, uliojengwa mwaka 1913, habari ya tone la manii mtoto huisikia madrasani kabla hajaifikia darasani. Walakini huko, kama penginepo Afrika ya Mashariki, hawajakosekana wanaomtwika mke lawama yote akizaa mabinti watupu, au asipozaa kabisa. Maumbile hayaiungi mkono dhuluma hiyo.

Mbegu za mwanamume huumbwa ndani ya korodani, katika vijirija vyembamba vilivyokunjamana, tangu kubaleghe hadi uzeeni. Korodani hazikuwekwa nje ya tumbo bila sababu: kazi yake yataka ubaridi, yapata digrii mbili au tatu chini ya joto la mwili, na ndiyo maana homa kali yaweza kupunguza mbegu kwa majuma kadhaa hata baada ya mgonjwa kupona. Mbegu moja huchukua kadiri ya siku 70 kukamilika, kisha hupitia mrija mrefu uliojiviringa nyuma ya korodani, ambamo ndimo ipatamo uwezo wa kuogelea. Basi aliyeacha sigara leo asitaraji kuyaona matunda yake kabla ya miezi mitatu hivi.

Mwanamke, kinyume chake, huzaliwa na akiba yake ya mayai, na baada ya kuvunja ungo aghalabu moja tu hupevuka kila mwezi. Yai hilo likishatoka huishi siku moja au pungufu, ilhali mbegu zaweza kungoja ndani ya mwili wa mwanamke hata siku tano. Kwa hiyo siku za kutaraji mimba ni zile chache zinazotangulia kutoka kwa yai, pamoja na siku yenyewe. Katika mamilioni ya mbegu yaliyoanza safari, ni mamia tu yafikayo kwenye mrija wa uzazi lilipo yai, na mara mbegu moja ipenyapo, ganda la yai hubadilika likazizuia nyingine.

Hapo ndipo hukumu ya jinsia inapopitishwa. Kila mmoja wa wazazi hutoa kromosomu 23. Yai la mama daima huwa na ile iitwayo X, bali mbegu ya baba huchukua ama X, akazaliwa msichana, ama Y, akazaliwa mvulana. Jambo hili alilidhihirisha Bibi Nettie Stevens wa Marekani mwaka 1905, tena kwa kuchunguza mdudu wa unga, kiumbe ambaye wengi wetu humpepeta na kumtupa.

Ama kuhusu utasa, takriban nusu ya mashauri yake huwa na sababu upande wa mume, peke yake au pamoja na mkewe, na mwanamume aweza kuwa na nguvu zote za kitandani, naye mbegu hana hata moja. Kupima manii ni kazi nyepesi kuliko vipimo vingi anavyofanyiwa mwanamke. Basi, ewe bwana, ikiwa mwaka umepita na mimba haikuingia, usimpeleke mkeo peke yake hospitali: nenda naye, nawe upimwe siku hiyo hiyo.