Vitabu Vyenye Picha Zisizo Nakala

Vitabu vingi vya sanaa vinavyouzwa ghali vinatudanganya kwa adabu. Turubai la mita tatu linabanwa litoshe ukurasani, rangi inakolezwa na mashine, na msomaji anafunga kitabu akiamini ameiona picha yenyewe. Ndiyo maana mimi, mchoraji, nikiulizwa vitabu nivipendavyo hutaja vile ambavyo msanii alivitengeneza viwe vitabu.

Cha kwanza ni Hokusai Manga. Katsushika Hokusai, Mjapani yuleyule wa lile wimbi linalochapwa hadi kwenye fulana, alitoa juzuu ya kwanza mwaka 1814, akiwa ameshavuka miaka 50. Zilifika juzuu 15, za mwisho zikitoka baada ya yeye kufariki mwaka 1849. Ndani yake mna michoro karibu 4,000: wacheza mieleka, samaki, mizimu, mawimbi, watu wanaocheza ngoma ya shomoro. Mafundi walichonga kila mstari kwenye ubao, ukapigwa chapa kwa nyeusi, kijivu na waridi hafifu. Basi. Fungua juzuu ya nane uone kurasa za watu wanene, kisha wembamba ambao mbavu zao zinahesabika. Nyama yote ya mgongo imeelezwa kwa mistari michache, bila kivuli. Sisi tunaoficha udhaifu wa mkono chini ya tabaka za rangi, hapo tunaumbuka.

Mchoraji wa wadudu Maria Sibylla Merian naye hasahauliki. Alisafiri hadi Suriname mwaka 1699 pamoja na binti yake, na mwaka 1705 akachapisha Amsterdam kitabu cha wadudu chenye picha 60. Kiwavi, pupa na kipepeo wako pamoja juu ya mmea unaomlisha kiwavi. Buibui wake anayekula ndege alizua ubishi kwa vizazi.

Halafu kuna kitabu Jazz cha mchoraji Henri Matisse, kilichochapishwa Paris na mchapishaji Tériade mwaka 1947. Baada ya upasuaji wa mwaka 1941 kusimama mbele ya turubai kulimwia vigumu, akashika mkasi na kukata karatasi zilizopakwa rangi. Picha ni 20. Katika ile ya Ikaro wa hadithi za Kigiriki, mwili mweusi unaelea kwenye buluu yenye nyota za manjano, na kifuani mna doa moja dogo jekundu. Lifunike kwa kidole, picha yote inapoa. Hapa kanuni yangu inayumba kidogo, maana karatasi alizozikata zipo, na Matisse mwenyewe aliona chapa imezipunguzia uhai. Namheshimu, ila simwungi mkono: yale maandishi makubwa ya mkono wake, aliyoyaweka ili kuyapumzisha macho baina ya rangi, yanafanya kazi kitabuni tu.

Nakala za awali za Jazz ni za matajiri, lakini Hokusai yuko bure mtandaoni kwenye makusanyo ya makumbusho kadhaa. Kijana unayejifunza kuchora, usiishie kumtazama. Chukua penseli umnakili; juzuu zile alizitoa kwa ajili ya wanafunzi.